Rubani Aliyekimbilia Mahindini

Rubani alipofungua mlango wa ndege alitapika kwanza, kisha akaomba blanketi. Malaria ilikuwa imempanda huko huko angani, akaona heri atue kwenye uwanja wa mpira wa Nyamwaga.

Muuguzi Shani akaruka chini, jasho likimtoka.

"Nina mgonjwa ndani, nimemtoa Mugumu. Amevunjika mguu na unazidi kuvimba. Tusipofika Musoma leo, utakatwa. Hapa kuna mtu anayeweza kurusha ndege?"

Kijiji kizima kikacheka. Kisha wote wakamgeukia Machage.

Siku hizi kila mtu anamjua Machage kwa kupiga nyuzi za litungu lake. Harusi bila yeye ni kikao tu. Lakini miaka mitatu nyuma, kwenye vita ya Kagera, alikuwa rubani. Ndivyo asemavyo mwenyewe, kila jioni, bila kuulizwa. Husema hajawahi kumkwepa mtu yeyote. Hapo anadanganya, maana mwaka jana sokoni alimwona bibi mmoja kwa mbali, akajitupa mtaroni pamoja na litungu lake, akajibanza humo kwenye matope. Ajabu ni kwamba wazee hawakumcheka. Walisema ana adabu.

Heche, mwenyekiti wa kijiji, hakuwahi kumwamini.

"Leo ndiyo leo, Machage. Ukiirusha hiyo, nitakuita Kapteni mpaka nizikwe. Ukishindwa, hadithi zako kawasimulie ng'ombe."

"Anza kulizoea hilo jina," Machage akajibu.

Akaenda kuvaa kofia yake ya jeshi. Akaizunguka ndege, akapapasa bawa, akapiga magurudumu teke, akamuuliza rubani mambo ya mafuta ambayo hakuna mwingine aliyeyaelewa. Rubani, meno yakimgongana, akasema, "Huyu anajua." Heche akaacha kutabasamu.

Machage akapanda ngazi. Akachungulia ndani.

Akatoka mbio kama aliyemwagiwa uji wa moto. Uso ameufunika kwa kofia, akaikosa ngazi, akaanguka puu, akainuka, akatokomea kwenye mahindi ya shamba la ujamaa.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

"Kapteni wa mahindi!" Heche akapiga kelele.

"Ndege naiweza!" sauti ikajibu kutoka mahindini. "Ila humo siingii!"

Kicheko kikaongezeka. Machage alichuchumaa huko akiumia moyoni, maana jina lake lilikuwa linazikwa na yeye anasikia.

Shani, machozi yakimlengalenga, akapanda kumweleza mgonjwa kwamba rubani hakuna. Akamkuta bibi wa watu amejifunika shuka gubigubi, hata kidole hakionekani.

"Usilie, mwanangu," bibi akasema humo humo shukani. "Nenda ukamwambie mkwe wangu nimeshajifunika. Kama bado anaona haya, basi arushe amefumba macho."