Kopo la Bluu

Mama Mbegu aliingia jikoni akakuta kopo la bluu mezani, liko wazi na tupu, majivu yamebaki chini. Juu ya moto sufuria ilikuwa inatokota.

"Nimekupikia, dada," alisema jirani yake, akipunguza moto. "Tangu shemeji atuache, hapa hapafuki moshi. Maharagwe yako yalikuwa majivu matupu, sijui uliyaokota wapi. Nimeyaosha mara tatu."

Majivu Mama Mbegu alikuwa ameyachanganya mwenyewe, ili wadudu wasiiguse mbegu. Ilikuwa mbegu yote ya kikundi cha wakulima, misimu mitatu ya kuchagua punje kwa punje, ili watu wa pale wapate chakula chao bila kungoja malori ya msaada. Kesho asubuhi wakulima kumi na wanane wangekuja na vifuko vyao kuchukua mbegu ya kupanda.

Alichukua mwiko, akabonyeza punje moja ukingoni mwa sufuria. Ilipasuka, ganda likabaki limenata kwenye mwiko.

"Yameiva?" jirani aliuliza.

Mezani kulikuwa na sahani mbili. Kwa miezi minane alikuwa akitoa kabatini moja tu.

"Yameiva," alisema, akavuta kiti. "Kaa tule, yasije yakapoa."