Jibu la Tufani

Siku hizi mwenye farasi haulizwi kama farasi wake atakimbia mbio. Anaulizwa farasi mwenyewe, naye hujibu kupitia mkanda wa shingoni unaogeuza mawazo yake kuwa maneno. Zamaradi aliipenda sheria hiyo tangu ilipotungwa, na leo aliitegemea kweli kweli, kwa sababu Tufani, farasi anayemtunza, ameugua homa ya mapafu wiki tano, hajafanya mazoezi hata siku moja, na mbio ni kesho.

"Kataa, mwanangu," alimnong'oneza huku akimpa karoti. "Sema hapana, ubaki nyumbani upone."

"Bibie, usimfundishe jibu!" mkaguzi wa mbio, aliyekuja kuuliza, alimtania. "Haya, Tufani, kesho uta—"

"Niko tayari," mkanda ulisema kabla swali halijaisha.

"Umemsikia?" mkaguzi alisema. "Dume hilo!"

Lakini Tufani hakuigusa karoti. Macho yake yalikuwa kwenye banda la jirani, alimokaa Lulu, farasi aliyejibu hapana mwaka jana akapakiwa kwenye lori kwenda kupumzishwa, asirudi tena. Ndoo yake bado ilining'inia mlangoni.

"Niko tayari," mkanda ulirudia, ingawa hakuna aliyeuliza.