Nyumba Imeulizwa Mwenyewe Wake

Siku hizi nyumba za kupangisha zinasema, na kila mwaka serikali huziuliza zinamtambua nani kuwa mwenyewe. Bi Chausiku hakuwa na wasiwasi. Nyumba yake ya Morogoro aliijenga kwa vitumbua vya miaka kumi na minane.

Siku moja kabla ya nyumba kuulizwa, alikwenda kuikagua. Mlango ulimfungukia mpangaji wake, Pendaeli, kabla hajaugusa. Bi Chausiku ulimsubirisha mpaka ataje jina. Akamgeukia Pendaeli kwa wivu.

"Umeilisha nini nyumba yangu, we mwanamke?"

"Sijailisha kitu, mama. Bomba lilivuja, nikakupigia mara tatu, ukasema fundi yuko njiani. Nikaliziba mwenyewe. Paa nalo vivyo hivyo."

"Ungeacha livuje! Nyumba ni yangu!"

Akaupapasa ukuta, kama mke anayembembeleza mume aliyeanza kuchelewa kurudi. "Si mimi niliyekusimamisha?"

Nyumba ikasema kwa adabu zote:

"Karibu, mama. Pendaeli, mpe mgeni kiti."