Kikohozi cha Doto

Sheria ya mapacha ilikuwa hii: mmoja apewe dawa ya kifua, mwenzake aachwe akohoe, ili kampuni ya dawa ipate wa kulinganisha. Kulwa alipewa. Doto alikohoa hadi akaishiwa pumzi.

"Mama Kulwa, takwimu za nyumbani kwako zitaokoa wengi," mashine ya ukutani ilimwambia Kabula kwa upole.

"Kwani Doto nimemwokota jalalani?" Kabula akafoka. Akamvua Kulwa bangili yake ya utambulisho, akamvisha Doto, na ya Doto akamvisha Kulwa. Mashine ikasoma bangili, ikatoa dawa, Doto akameza.

Wiki iliyofuata mashine ikauliza, "Mbona Doto hakohoi?"

Kabula akamkonyeza Kulwa. Mtoto akajikohoza huku akicheka, akajikohoza tena, kisha akashindwa kuacha.

"Asante, Doto," ikasema mashine.