Kijiko cha Mstari wa Sita

Mche wa kumi na nne, mstari wa sita, ulitoka mkononi mwa msimamizi wa kitalu, Ntate Phakiso, ukiwa na mizizi mitupu. Akang'oa wa kumi na tano. Mitupu vilevile. Hapakuwa na zile nyuzi nyeupe za kuvu ambazo katika mistari mingine zilishika udongo kama utando wa buibui.

Kopo la unga wa kuvu la mstari huo lilikuwa limekwisha, kama ilivyotakiwa. Basi unga ulikwenda wapi?

Mstari wa sita ulikuwa wa Nthatuoa, mmoja wa wanawake wa kitalu.

"Namtaka mwizi kabla ya Jumatatu," alisema meneja. "Atatoka hapa na polisi."

Phakiso hakuona fumbo lolote. Kampuni ilipanda bangi ya dawa kwa kibali cha serikali, lakini nani huku milimani hakuwa na miche yake michache nyuma ya nyumba? Unga ule ungeinenepesha vizuri.

Kilichomuuma ni kwamba yeye ndiye aliyewafundisha wanawake kuutumia. Alikuwa amesoma mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, hadi akaelewa.

"Hizi kuvu na bakteria ni watumishi," aliwaambia siku ile. "Mzizi haufiki mbali. Wao ndio wanaokwenda, wanauletea maji na chakula."

"Hata ukiwa mdogo sana?" aliuliza Nthatuoa. Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini baada ya kuugua wiki mbili.

"Hasa mdogo."

"Ntate, nipe na mimi kijiko nimpelekee mume wangu," alidakia mwenzake. "Naye hafiki mbali. Anasubiri aletewe ugali kitandani!"

Kitalu kizima kilicheka. Nthatuoa hakucheka, wala hakukasirika. Tangu arudi alikuwa hivyo: ukimwita anaitika, ukimtuma anakwenda.

Jumamosi kazi iliisha saa saba mchana. Getini, mlinzi Tlhoriso aliwapekua wanawake mmoja mmoja akitafuta majani ya bangi, hadi ikafika zamu ya Nthatuoa.

"Ausi, dada yangu, mbona umelowa kifuani? Umeoga na ovaroli?"

"Mpira wa maji, ntate."

"Na hiki?"

"Ugoro."

Tlhoriso akamrudishia kijikopo bila kukifungua. Phakiso, aliyekuwa nyuma ya gari, alikitazama kijikopo kile. Nthatuoa hakuwahi kunusa ugoro maishani mwake.

Akajifunika blanketi hadi puani, akamfuata.

Nthatuoa hakuingia ndani. Alizunguka nyumba moja kwa moja hadi nyuma. Phakiso akachungulia pembeni ya ukuta akitafuta shamba la bangi. Hapakuwa na shamba. Hapakuwa na mche hata mmoja. Palikuwa na jalala la majivu tu, kama nyuma ya kila nyumba.

Hapo akasita kidogo. Utotoni mama yake alimchapa vibaya kwa kucheza kwenye jalala la kwao, siku chache baada ya majirani wa kike kuja kuchimba pale, na mama mwenyewe, tumbo likiwa limeisha bila mtoto kuonekana, kurudi shambani kama kawaida. Hakuna aliyenyoa nywele za msiba. Hakuna aliyemwambia kitu.

Nthatuoa alipiga magoti mbele ya mawe madogo yaliyopangwa duara, upana wa beseni. Akafungua kijikopo cha ugoro, akanyunyiza unga, akaufukia kina cha vidole vitatu, kama alivyofundishwa.

Phakiso akabonyeza namba ya meneja.

"Nthatuoa! Umepanda nini hapo?"

Hakugeuka. "Ulisema hasa mdogo, ntate."

"Vipi, umempata?" iliuliza simu.

Nthatuoa alifungua vifungo vya ovaroli, akainama, akakamulia maziwa yake katikati ya yale mawe.

Phakiso akakata simu.