Tangi la Mbaraka

Kila aliye hai hutunza matumbawe yake nyumbani ndani ya tangi, kwani baharini hayaishi tena. Akifa, tangi lake hupewa mtoto mchanga.

Siku ya arobaini ya mume wangu, Mbaraka, mkaguzi alikuja kuchukua tangi lake dogo. Mbaraka alikuwa ameliunga na langu kwa bomba, na alama ya kidole chake gumba ilibaki kwenye gundi.

"Chukua langu, mwanangu," nikamwambia mkaguzi.

"Mama Tunu, itabidi niandike wewe ndiye uliyekufa, na Mbaraka yu hai."

"Andika."

Tangi la Mbaraka halina pampu, lilitegemea ya langu, kwa hiyo sasa nakoroga maji kwa upawa, asubuhi na jioni. Jana uliletwa mgao wa mwezi wa chumvi ya matangi.

"Mbaraka yupo?" aliuliza mletaji.

"Ndiye mimi," nikasema, nikabonyeza kidole gumba kwenye daftari lake.