Homa za Deko

"Homa hizi hurithiwa, na huenda ndizo zilizochangia mwili wa mwanao kushambulia neva zake wenyewe," daktari alisema. "Kuna mwingine kwenu anazo?"

Fundi cherehani, ambaye mguu wake haukuisikia tena pedali, alimgeukia mama yake. Tangu utotoni, mama aliziita homa hizo deko.

"Kwetu? Hakuna, daktari," mama alijibu, macho makavu.

Kwenye dirisha la dawa, fundi alimimina kiganjani vidonge ambavyo hakuwahi kuviona maishani.

"Usivimeze na tumbo tupu, mwanangu," mama alisema huku akipekua mkoba kutafuta maji. "Vinaendesha tumbo sana hivyo."

Mfamasia hakuwa ameeleza lolote kuhusu vidonge hivyo.

Fundi akakunja kiganja taratibu.

"Kumbe na wewe unadeka, mama?"